Bunduki Isiyo na Risasi

Mwanangu wa mwisho alikuwa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, Muleba. Mwenye duka alimpa bunduki bila risasi, akihofia mteja asije akapigwa kwa bahati mbaya.

“Mama, usimwambie mtu,” mwanangu alinionya. “Wezi wakijua, nimekwisha.”

Wezi walikuja mchana, watu wakinunua misumari. Aliwaelekezea ile bunduki, wao wakampiga risasi ya kifua.

Siku ya kumzika pale kibanjani, kati ya migomba, nikasikia wanaume wakisema nyuma yangu, “Bunduki mkononi, kashindwa hata kufyatua. Woga tu huo.”

Mwenye duka aliwasikia, akainamisha kichwa. Nikajiandaa kusimama niseme ukweli. Jirani yangu, tuliyekaa naye kwenye nyasi, akanishika mkono kwa nguvu.

“Dada, nakuomba,” akaninong'oneza. “Mwanangu ndiye kachukua nafasi yake dukani. Na bunduki aliyopewa nayo haina kitu.”

Nikanyamaza. Wakamfukia mwanangu kama mwoga, nami nikisikia. Duka lile sasa limefungwa, ndiyo maana naweza kusema.