Saa ya Baba Zuhura

Leo nimefundisha kuhusu saa, na nimeshindwa kuisoma yangu.

Kikundi chetu cha wapenda saa za mkononi hapa Newala kinapokea kila mtu. Akaja Baba Zuhura, mkulima wa korosho wa Mnyambe.

Nikampa shikamoo, nikatazama saa yake.

"Baba, hii imekosea masaa sita," nikasema kitaalamu.

"Sasa hivi saa ngapi, mwalimu?"

"Saa nne asubuhi."

"Mshale wangu uko wapi?"

"Kwenye nne."

"Na wako?"

"Kwenye kumi."

Akanipa pole. Akauliza kama kuna fundi karibu.

Nyie mngemjibu nini?

Mimi niligeuka kuomba msaada kwa katibu wetu. Alikuwa ameinama, anarudisha mishale yake nyuma masaa sita.