Aliyeniuzia Laptop Hakutafuna Kahawa

Kabla sijaanza naomba kitu kimoja: usinicheke mpaka nimalize. Karibu wote niliowasimulia hucheka mwanzoni kabisa, kwa sababu wamezoea mambo haya yawe na makaburi na bundi, na haya yangu yana laptop. Lakini yalitokea, nyumbani kwetu Chonyonyo, tena mchana. Mama yangu yu hai. Ukiona nadanganya, njoo umshike mkono wa kulia, halafu tuzungumze.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi. Karagwe hii yote hadi Kyerwa, ukiona bibi harusi kwenye runinga analia polepole huku muziki unapanda, huenda ni kazi ya mikono yangu. Watu hudhani kazi ni kamera. Kamera ni nusu tu. Kazi yenyewe ni kukaa chini na kuchambua saa nyingi za mashangazi wakicheza, na hapo ndipo unahitaji laptop ya maana. Yangu ilikuwa imechoka. Nikiweka video mbili juu ya nyingine inaganda, feni inalia kama mashine ya kusaga, halafu inazima bila hata kuaga. Nilishaibembeleza, nilishaitukana, haikusaidia.

Na hapo nilikuwa nimeshapiga harusi kubwa ya Rubwera, ya watu ambao wakiridhika wanakutangaza Kyerwa nzima, na wasiporidhika wanakutangaza vilevile. Walikuwa wanaisubiri video yao. Shangazi wa bibi harusi alikuwa ananipigia simu kila asubuhi, hata salamu hasubiri iishe.

Basi nikaenda Omurushaka kutafuta laptop nyingine. Nilitaka mambo matatu tu, wewe niambie kama ni makubwa. Iwe na nguvu ya kubeba video nzito. Iwe nyepesi, maana napanda bodaboda na kamera, stendi na taa mgongoni, na vilima vyetu unavijua. Na bei iwe ya mtu wa kawaida. Nilishasoma mitandaoni mpaka macho yakauma. Huyu anasema angalia prosesa, yule anasema prosesa si kitu angalia memori, wa tatu anasifia mashine ambayo hata Bukoba haijafika. Nikawa najua mengi na sina laptop.

Duka nililokuwa nalisumbua ni la Mzee Sudi, ambaye babu yake alitoka pwani kufuata biashara ya kahawa na hakurudi. Anauza laptop zilizotumika na kuzitengeneza mwenyewe pale pale mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi tena kuniangalizia bidhaa?"

Nilikuwa nimerudi mara nyingi, hilo sikatai. Akaniwekea tatu mezani kwa subira ya mtu aliyekwisha kuchoka.

"Hii ina nguvu na bei unaiweza, lakini ukipanda nayo bodaboda utalipa nauli ya watu wawili. Hii ni nyepesi, bei unaiweza, lakini ni ya kuandikia barua. Ukiiwekea harusi itazimia. Na hii ina nguvu na ni nyepesi. Umeuza ng'ombe?"

"Sina ng'ombe, mzee."

"Basi hii tuirudishe kabatini. Unayoitaka wewe bado haijatengenezwa."

Nilitoka nimekasirika, tena si kwa sababu alikosea. Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Mvua ilikuwa imeanza, nikasimama kibarazani kusubiri ipungue, machozi yananilenga kama mtoto. Yaani mtu unafanya kazi kwa bidii yote, unakwamishwa na uzito wa kitu?

"Nimesikia unachotafuta."

Alikuwa mwanamume wa makamo, koti jeusi la zamani, mfuko wa kitambaa begani. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, chenye lafudhi ya Kinyambo ya wazee. Sikumwona akija, lakini kwenye mvua nani huangalia anayekuja? Akatoa laptop mfukoni akaniwekea mikononi. Amini usiamini, ilikuwa na uzito wa daftari la shule. Nikaiwasha, nikachomeka kadi yangu ya kamera, nikafungua video tatu kwa pamoja, nne, tano. Ilizicheza zote bila kusita. Feni hata sikuisikia. Nikauliza bei, akataja bei iliyonifanya nimwombe arudie.

"Chaja yake je?"

"Hiyo haina mambo ya chaja."

Nikajua kaipoteza. Nikasema moyoni chaja nitanunua popote. Mtu ukiwa na shida akili yako inakufanyia kazi ya udalali.

"Lakini siuzi barabarani," akasema. "Kesho nitaileta kwenu. Mama yako anipokee."

Hilo halikunishtua, na ukiwa mtu wa huku utanielewa. Kitu cha maana, kama ng'ombe au kiwanja, biashara yake huishia nyumbani kwa mnunuzi, watu wakiona. Nikamwona ni mtu wa heshima. Baadaye sana ndipo nilipojiuliza alijuaje kwamba ninaishi na mama, wakati hata jina langu hakuniuliza.

Kesho yake alikuja kweli, njia ya katikati ya migomba. Mama yangu ni mjane, Mlutheri wa siku nyingi, na kwenye suala la mgeni hana mchezo. Alimkaribisha, akamtandikia mkeka, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu chake kidogo cha mfuniko. Kwa asiyejua: huku kwetu mgeni hupewa kwanza punje za kahawa, zile zinazochemshwa na maganda yake pamoja na majani yenye harufu, halafu zikakaushwa. Mama huchemshia na mchaichai mwingi kuliko watu wote ninaowajua. Na mwenyeji hutangulia. Anachukua punje moja anaitafuna mbele ya mgeni, ili mgeni aone kwamba kilichomo ni salama, ndipo anampa. Mgeni naye akitafuna, mmekuwa watu wa nyumba moja.

Mama akatafuna. Akachota nyingine kwa mkono wa kulia, akampa. Yule bwana akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kinyambo safi, akazitia mfukoni.

Mimi nilikuwa nimeinamia laptop. Nililipa, tukaagana, akapotelea migombani. Mama alibaki ameshika kikapu.

"Mgeni wako hakutafuna," akasema.

"Labda meno yanamuuma, mama."

"Angesema."

Siku zilizofuata nilifanya kazi kwa raha ambayo sijawahi kuipata. Nilikaa sebuleni, harusi ya Rubwera ikawa inaenda mbele badala ya kurudi nyuma. Umeme ulikatika kama kawaida yake na mashine haikujali. Alama ya betri ilikuwa imejaa asubuhi, imejaa jioni. Je, hilo halikunitia wasiwasi? Lilinifurahisha. Nikasema hatimaye na mimi nimepata kitu kinachofanya kazi.

Tatizo likaanzia jikoni, ambako sikuwa naangalia. Ndizi zikawa haziivi. Mama anachochea kuni, moto unawaka wa kuonekana, sufuria inakaa juu tangu asubuhi na maji hayachemki. Tukawa tunakula ndizi zinazong'ang'ania menoni. Chai vuguvugu. Mama akalaumu kuni, akanunua nyingine, akalaumu sufuria. Mimi nikamlaumu mama kimoyomoyo, nisikufiche, maana nilikuwa na njaa na shangazi wa Rubwera alikuwa hewani.

Halafu mama mwenyewe akaanza kupoa. Kwanza sweta. Kisha sweta mbili, tena saa sita mchana, jua linawaka. Usiku nikimfunika mablanketi namsikia meno yanagongana. Nikampeleka zahanati, wakampima malaria, hana. Wakampima hiki na kile, wakaniambia mama ni mzima, apumzike tu. Mzima vipi wakati ukimshika ni kama umeshika chupa ya maji ya kisimani? Nilirudi naye nyumbani nikiwa na hasira ya kutaka kumpiga mtu, na hakuna wa kumpiga.

Alizidi kunyong'onyea. Akaacha kwenda shambani, akaacha kwenda kanisani, mwisho akawa anakaa jikoni kutwa, karibu na moto usiompa joto.

Mimi bado sikuunganisha mambo. Ungeunganisha wewe? Kilichonipeleka kwa Mzee Sudi ni jambo la kipuuzi kabisa: laptop ilikuwa imejaa mafaili, nikataka aniongezee sehemu ya kuhifadhia. Video ya harusi ilikuwa imekamilika humo ndani, kilichobaki ni kuihamishia kwenye flashi. Kadi za kamera nilishazifuta ili nipigie harusi nyingine, ndivyo tunavyofanya wote.

Mzee Sudi akaipima kwa kiganja, akaniangalia. "Hii umeitoa wapi?"

"Niliuziwa na yule bwana wa koti, siku ile ya mvua. Tulisimama hapo kibarazani kwako."

"Siku ile ulisimama peke yako," akasema. "Nilikuwa nakuona. Ulikuwa unaongea, nikadhani umeweka simu sikioni."

Nilitaka kubisha, lakini alikuwa ameshaanza kufungua skrubu. Akainua mfuniko wa chini. Mashine ilikuwa inawaka, skrini ina mwanga, na pale inapokaa betri hapakuwa na betri. Palikuwa na punje za kahawa. Chache tu, za kujaza kiganja. Nikanusa mchaichai kabla sijainama. Nikazigusa, zilikuwa na joto, lile joto la mwili wa mtu. "Hii ni kahawa ya mama," nikasema.

Mzee Sudi akasema audhubillahi, akarudi nyuma na kiti chake. "Mwanangu, mimi hapa sigusi. Irudishe kwenu, kwa mwenye kahawa yake. Na uende sasa hivi."

Niliifunga kwenye kitenge vile vile ikiwa wazi, nikamwambia wa bodaboda asisimame popote. Nilimkuta mama jikoni, midomo imebadilika rangi. Sufuria ya ndizi ilikuwa juu ya moto tangu asubuhi, maji yametulia kama ya kwenye ndoo. Nikapiga magoti, nikaiweka laptop mapajani, nikaigeuza aone.

Akainama, akanusa. "Hiyo si kahawa yangu niliyompa mgeni wako?" Sauti ilitoka kwa shida. "Alipokea joto la nyumba yangu akakataa kukaa nalo humu. Nipe."

Flashi ilikuwa mfukoni mwangu. Nilijua kabisa kwamba nikizitoa zile punje mashine itazima na harusi ya Rubwera itakwenda nayo, mimi na jina langu. Nilihitaji muda kidogo tu, wa kuchomeka na kungoja. Neno "subiri" lilifika hadi kwenye meno. Kisha nikamwona mama ananyoosha mkono na mkono haufiki, unaanguka katikati ya njia. Nikazichota zile punje zote, mimi mwenyewe nikamtia mdomoni.

Akatafuna. Taratibu, macho amefumba. Skrini ikazima. Na hapo hapo nyuma yetu, nakuapia, nikasikia sufuria inaanza kuchemka, mfuniko unagonga, mvuke unatoka. Mama akavuta pumzi ndefu akaanza kutoka jasho. Mimi nikapiga yowe, kwa sababu ile laptop ilikuwa imenilalia mapajani kwa uzito wa jiwe la kusagia, siwezi kuinuka. Majirani wawili ndio waliokuja kuisukuma pembeni. Tukaikokota kwa kamba hadi mwisho wa shamba, ipo huko, imezama ardhini nusu.

Ile video ya harusi ilipotea. Nilikwenda Rubwera mwenyewe kuomba radhi, nikaunganisha video nyingine kutoka kwenye simu za wageni, vichwa vya watu vimeziba keki. Shangazi yule mpaka leo tukikutana hugeuka upande wa pili. Siku hizi natumia ile laptop nzito ya Mzee Sudi. Bega moja limeshuka kuliko jingine, na madereva wa bodaboda wananicheka. Nikiuhisi ule uzito mgongoni nashukuru, maana najua ninayeubeba ni mimi.

Mama alipona, anapika, anaimba, anaenda kanisani. Ila mkono wake wa kulia, ule uliompa mgeni kahawa, haujarudi. Ni baridi kiangazi na masika. Ibada ikiisha, watu wanaposhikana mikono mlangoni, wageni hushtuka na kuvuta wa kwao, naye hucheka kidogo kuwaondolea aibu, kisha anauficha ndani ya kitenge. Mimi husimama upande ule, nikaushika mpaka tufike nyumbani. Haupati joto, lakini naushika.

Sasa wewe unayetafuta laptop, sikiliza. Akija mtu akakwambia anayo nyepesi, yenye nguvu, na ya bei nafuu, usimuulize prosesa wala memori. Mkaribishe akae. Mpe kahawa, umtazame mdomo, na kama hatafuni, mnyang'anye kahawa yako kabla hajainuka.