Ardhi Yenu, Minazi Yangu

Taarifa ya msiba ilinikuta Ukunda, kwenye mkahawa, mbaazi na mahamri ziko mbele yangu bado za moto. Mama mmoja wa Waa, jirani yangu wa zamani, alikuwa amefariki alfajiri na angezikwa adhuhuri. Tangazo lenyewe halikutaja jina lake. Lilisema ni mjane wa marehemu fulani na shemeji ya mzee fulani. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua ninavyochukizwa na matangazo ya namna hii, ambamo mwanamke hufa akiwa mke wa huyu na shemeji ya yule, kana kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuwapo. Mimi nami simtaji hapa, lakini ni kwa ombi la binti yake. Niliacha chakula nikaondoka. Niseme wazi kwamba nilihuzunika kuliko nilivyotarajia, maana yule mama alinifunza kuhusu urithi mambo ambayo sijayasikia kwa wakili yeyote.

Mazikoni, shemeji yake mkubwa, yaani kaka mkubwa wa mumewe, alipewa nafasi ya kusema. Ni mzee wa safu ya mbele msikitini, mwenye kanzu isiyojua mkunjo na sauti ya kukohoa kwanza ndipo aseme. Akakohoa, akasema, "Huyu mama alikuwa nguzo ya ukoo wetu." Watu wakaitikia kwa huzuni. Mimi niliinama nikatazama viatu vyangu, kwa sababu nilikuwepo siku mzee huyo alipokuja kuing'oa nguzo yenyewe, mnunuzi wa shamba akimsubiri barabarani ndani ya gari lililofungwa vioo.

Mume wa mama huyo alikuwa mpishi wa hoteli huko Diani. Alikuwa mtu mpole, nyumbani akija siku za mapumziko tu, na kwa heshima zote za marehemu, jembe hakulijua. Waliishi kwenye shamba la ukoo hapo Waa, katika nyumba waliyoijenga pamoja, wakajaliwa binti mmoja ambaye ameolewa Kinango. Mume alipofariki, mama aliingia eda, na matanga hayajapoa shemeji zake wakaitisha kikao barazani kwake. Walitaka ahame, shamba liuzwe kwa bwana mmoja aliyekusudia kujenga nyumba za wageni. Nami niliitwa niwe shahidi, kwa kuwa kila upande uliamini kwamba mtu anayeandika magazetini lazima atakuwa wake. Mama alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, kama mwenye eda anavyotakiwa. Sisi tulikaa nje mkekani, na sauti yake ikawa inatufikia kupitia kitambaa.

Mzee alianza na dini. Alitukumbusha, kwa Kiarabu kidogo na Kiswahili kingi, kwamba mjane mwenye mtoto hupata thumni, sehemu moja katika nane, na kwamba yeye na nduguze wangechukua kilichobaki. Pazia likauliza kwa adabu, "Na binti yangu je, shemeji?" Mmoja wa wazee waliosoma akajibu kwamba binti akiwa peke yake hupata nusu. Sijawahi kuona mtu akiihama dini kwa haraka ile. Tukajikuta serikalini. Hati ya shamba, alisema mzee, ingali kwa jina la babu yao, kwa hiyo mdogo wake amekufa hana hata shubiri moja ya ardhi. Ilikuwa hoja nzuri, ila mtu mmoja aliuliza kama kwa hati hiyohiyo yeye mzee anazo shubiri ngapi za kumwuzia yule bwana wa garini. Tukaihama serikali pia. Kituo cha mwisho kilikuwa mila, na hapo mzee alitulia, akanyoosha miguu.

"Ardhi ni ya ukoo," alisema. "Tangu wazee wetu, mtu hana ardhi. Mtu ana mti alioupanda, basi. Na mke huja na nguo zake, siku ikifika akaondoka na nguo zake."

Pazia likauliza.

"Shemeji, hayo umeyasema mbele ya mashahidi?"

"Nimeyasema, na nitayarudia."

"Kwamba mtu ana mti alioupanda?"

"Ndiyo mila yetu."

"Basi nimeridhika. Ardhi ni yenu, chukueni. Minazi ni yangu. Miche nilipewa na mama yangu Mkongani nilipoolewa, nikaja nayo kichwani, na mashimo nilichimba mwenyewe. Niachieni hapohapo ilipo, na mimi niko chini yake."

Kwa wasomaji wa bara, nieleze. Huku kwetu shamba linaweza kuwa la mtu na mnazi uliomo ukawa wa mtu mwingine. Ardhi ikiuzwa, mnazi haumo, na mwenyewe ataingia na kutoka apendavyo, ataangua nazi zake, na hakuna wa kumwuliza. Mnunuzi yeyote wa pwani hii analijua hilo. Hakuna mwekezaji atakayejenga nyumba za wageni mahali ambapo mjane ana haki ya kuwaangushia wageni nazi vichwani, asubuhi na jioni.

Mzee aliliona shimo alilojichimbia, akajaribu kupanda. Alisema minazi ni ya mdogo wake, na kwamba mwanamke hapandi mnazi, humshikia mumewe mche tu. Hapo ndipo mgema mmoja, aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri kikao kiishe ili apande mnazini kugema tembo, alipoomba ruhusa ya kusema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema."

"Ile minazi miwili ninayokugemea, mzee wangu, uliniambia niende nikaombe kwa nani? Si kwa mama? Ukasema, nakumbuka sana, 'Kamwombe mwenyewe, mdogo wangu hana minazi.'"

Nilitamani kucheka, nikang'ata ulimi. Mzee wa safu ya mbele alikohoa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Lile tembo," alisema, "lilikuwa la kuumulia vitumbua."

Hakuna aliyembishia. Ni kweli vitumbua hutiwa tembo kidogo viumuke. Lakini kwa tembo lile, na kwa miaka ile, Waa nzima ingekuwa imeumuka. Ikasikika sauti nyuma ya pazia, ya upole kabisa: "Ni kweli, shemeji anapenda sana vitumbua." Wazee wakaangua kicheko, hata yule aliyesoma. Mzee alibaki na njia mbili. Aseme minazi si ya mama, kisha aendelee kutueleza habari za vitumbua, au anyamaze. Alinyamaza. Baada ya muda tulisikia gari likiwashwa barabarani.

Mama aliishi pale hadi mauti yalipomkuta, akiuza nazi na kuezeka nyumba yake kwa makuti yake. Shemeji zake hawakurudi na hoja nyingine, ila mkubwa wao aliendelea kumtumia salamu na kuletewa, kwa hisani ya mama, tembo la vitumbua. Juzi, udongo wa kaburi haujakauka, alimuuliza sheikh sehemu yake katika minazi ya marehemu ni ipi. Sheikh akamwambia kwamba shemeji harithi kitu. Minazi ni ya binti na ndugu za marehemu wa Mkongani. "Lakini alikuwa mtu wa ukoo wetu," mzee alilalamika, na nadhani safari hii alikuwa anaamini kweli. Hivyo ndivyo tulivyo. Mjane akiwa hai na amekalia shamba, ni mtu wa kuja. Akifa akaacha kitu, anageuka nguzo.

Jambo hili linaniudhi, na sitalifunika kwa mzaha. Ninawajua wajane, kuanzia hapa hadi Msambweni, waliotolewa na furushi la nguo kwa sababu walichopanda ni mchicha na mihogo, vitu vinavyoliwa vikaisha. Mama wa Waa alikuwa na haki yake tangu siku ya kwanza, na binti yake pia, na kila aliyekaa mkekani siku ile alijua. Tulijua na tukanyamaza, tukiwa na kofia zetu safi, hadi mgema alipofungua mdomo. Haki ya mjane isingojee bahati ya kuwa na shemeji mpenda tembo.

Nilipokwenda kuhani tena, kuwapa pole wafiwa, nilipitia kwa mzee. Nilimkuta uani, kanzu ameitundika, anachimba mashimo jua kali. Aliniambia mkewe ameng'ang'ania minazi ipandwe, ati uwanja hauna kivuli. Mkewe alikuwa amesimama kando na miche miguuni pake, mwanamke mkimya ambaye kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akizungumza mbele ya mumewe. Alinikaribisha, akanipa maji, akangoja nimalize kunywa.

"Mwandishi, unaona nani anapanda?"

"Naona mzee anachimba, mama."

"Kuchimba anachimba, Mungu ambariki. Lakini mche nautia mimi." Akainama, akauweka mmoja shimoni, akaushindilia udongo kwa viganja vyake viwili, kisha akanitazama. "Umeuona mkono wangu? Mume wangu naye ana ndugu watatu. Siku watakapokuja kukaa mkekani, nitakuita."

Nilimwambia nimeuona, na hapa naandika ili na nyinyi muwe mashahidi. Mzee hakusikia, alikuwa kwenye shimo la pili. Mume akiwa bado ana nguvu za kushika jembe, ndio wakati wa kuwaita watu na kusema hiki ni cha mke wangu. Asiposema yeye, atasema kaka yake.