Fatemabai Alivyorudi Bila Kovu

Pale Kibokoni, Mombasa, mtu akioza binti au akifuturisha jamaa, sambusa zilitoka kwa Fatemabai. Alikuwa mjane mnene, mcheshi, mwenye kicheko kilichovuka ukuta wa jirani. Kwa miaka mingi alifanya kazi na Mirriam, Mgiriama aliyekuja kila asubuhi kutoka Makupa. Fatemabai alichoma manda, yale maganda ya sambusa, na kukaanga, Mirriam alikata vitunguu na kukunja, na siku ikapita kwa hadithi.

Mwaka wa 1997 sikio la kulia la Fatemabai likaanza kuvuma kama jiko la stovu, kisha likafa, lisisikie kitu. Kikafuata kisunzi. Akipita vichochoroni ilimbidi ajishike ukutani. Siku moja akapepesuka mbele ya karai la mafuta yanayochemka. Mirriam akamdaka kiunoni, wakaanguka pamoja juu ya gunia la vitunguu.

"Mama Shoaib, kuanzia leo karai ni langu," Mirriam akasema. "Na usipokwenda kwa daktari, sikunji hata moja."

Akaenda. Picha ya kichwa iliyopigwa Nairobi ilionyesha uvimbe mdogo kama kunde, umekaa juu ya mshipa wa kusikia. Haukuwa saratani, daktari alisema, lakini ukiachwa ungekua na kuusukuma ubongo. Njia aliyoijua yeye ni kufungua fuvu.

"Kichwa changu si dafu," Fatemabai akamjibu, "kikatwe juu halafu mchungulie ndani."

Alitoka pale akijifanya jasiri. Ni Mirriam peke yake aliyemwona akilia jikoni.

Mdogo wake Sanober, aliyeolewa Bombei, India, ndiye aliyepiga simu na habari njema. Huko kulikuwa na mashine mpya inayotibu uvimbe wa kichwani kwa miale, bila kisu. Shoaib, mwanawe wa pekee, akafunga duka lake la vitambaa, akampeleka.

Daktari wa Bombei alimweleza taratibu, kwa Kigujarati. Miale hutoka pande nyingi, kila mmoja dhaifu, haudhuru unapopita. Inapokutana yote kwenye uvimbe ndipo inapopata nguvu ya kuuunguza. Siku ya tiba wakamdunga sindano ya ganzi, wakamkaza kichwani fremu ya chuma kwa skrubu ili asitikisike. Hapo aliogopa kwelikweli. Kitanda kikajisogeza chenyewe hadi ndani ya mashine. Akafumba macho, akaishika tasbihi yake, akangoja maumivu. Hayakuja. Baadaye kitanda kikamrudisha nje.

"Mnaanza saa ngapi?" akauliza.

"Tumeshamaliza, mama."

Fatemabai akaangua kicheko hata muuguzi akashindwa kumfungua zile skrubu.

Huku Mombasa watu walikuwa wamejiandaa kupokea mgonjwa. Mirriam alitandika kitanda, akapika uji mwepesi. Wanawake wakajaa sebuleni, wakizungumza kwa kunong'ona. Mara Fatemabai akaingia kwa miguu yake, akamwamkia kila mtu, akachungulia sufuria.

"Uji? Kwani nani mgonjwa hapa?"

Wakamzunguka, wakampekua nywele wakitafuta mshono. Walichokiona ni vidoa viwili kwenye paji la uso, kama aliyeumwa na mbu.

"Wamekulaghai, bibi wee!" akasema mzee Aidarus, jirani wa ghorofa ya chini, kutoka mlangoni. "Kichwa gani hicho kinatibiwa bila hata bandeji?"

"Huenda," Fatemabai akasema. "Mirriam, teleka nyama, nina njaa."

Jibu lenyewe lilichukua muda. Kisunzi kilipungua polepole, leo afadhali, kesho taabu. Mirriam hakumrudishia karai mpaka picha ya mwaka uliofuata ilipoonyesha kwamba uvimbe haukuongezeka, na katikati yake ulikuwa umekufa. Sikio la kulia halikufufuka. Daktari alikuwa amemwambia hivyo tangu mwanzo, naye akazoea kuwaketisha wageni upande wa kushoto.

Desemba ile Mirriam alimwoza binti yake, Purity. Ngoma ilipochanganya, Fatemabai akajitosa katikati ya duara la wanawake wa Kigiriama, akatikisa mabega pamoja nao, akazunguka mara ya kwanza, akazunguka tena, hakupepesuka. Mirriam alisimama akimtazama, machozi yakimtoka, akapiga kigelegele. Ukanda wa kiatu cha Fatemabai ukakatika. Akavitupa viatu vyote viwili, akaendelea kucheza pekupeku.