Kisanduku cha Mvua ya Binti

Jamani, mtu mzima na akili zake kukaa anagombana na kisanduku! Fundi makochi alikuwa ameliacha uchi kochi la mteja, sponji nje, misumari imetapakaa sakafuni, naye kaiinamia kompyuta kuukuu ya kuonyeshea wateja mitindo. Pembeni mwa kioo kulikuwa na kisanduku kidogo cha hali ya hewa. Zamani kilionyesha mvua na jua la mji anakoishi binti yake. Sasa kilionyesha vistari viwili, basi.

Na hicho ndicho kilichokuwa kikiwaunganisha baba na mwana. Binti alipokataa kuirithi karakana na kwenda kufanya kazi mbali, walirushiana maneno mazito mlangoni, na hakuna aliyejua namna ya kuyarudisha. Ikabaki mvua. Kisanduku kikitoa wingu, fundi anapiga simu: "Huko kunanyesha, chukua mwavuli." "Sawa, baba." Hapo wameshaongea. Kilipoharibika, simu nazo zikakoma.

"Si umpigie tu?" mkewe alimwambia, akiweka chai juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Nimpigie niseme nini, mama? Nimuulize ameshindaje?"

"Ndiyo, watu huuliza hivyo."

"Niache bwana."

Fundi simu wa jirani alikuwa amekitazama, akacheka. Eti tovuti ambako kisanduku kinachota habari zake imebadili anwani, na dawa ni kununua kompyuta mpya. Kompyuta mpya! Yaani kochi likichanika, uhame nyumba? Fundi akaingia mtandaoni mwenyewe, kwenye jukwaa la wapenzi wa visanduku, watu wasiojibizana ila kwa ukali. Mmoja alikuwa ameandika mstari wenye anwani mpya, wa kubandika. Ubandikwe wapi? Hakusema, shetani yule.

Fundi akaanza kama anavyoanza kochi. Akanakili faili lote la kisanduku kwanza, kama anavyotunza kitambaa cha zamani kiwe kielelezo. Akafuta mstari wa zamani, akabandika mpya. Kisanduku kikatoweka. Akarudisha wa zamani, vistari vikarudi. Akabandika tena, safari hii mahali penyewe, lakini akafuta koma moja bila kujua, kikatoweka tena. "Mjinga wewe!" alikifokea, na mteja aliyekuwa anaingia akageuza akaenda zake.

Alasiri aliigundua ile koma, akairudisha, na wingu likachomoza lenye matone chini yake. Fundi alipiga meza kwa furaha hadi nyundo ikaanguka. Hata gundi hakuifuta mikononi, akapiga simu.

"Huko kunanyesha sana. Chukua mwavuli."

"Baba! Ulinyamaza, nikadhani umenikasirikia tena."

"Kisanduku kiliharibika. Kimenitoa roho, mwanangu. Mimi kompyuta naijulia wapi? Lakini bila hicho nitajuaje kwako kukoje?"

Binti akaanza kulia.

"Baba, sipo kule. Nilishahama zamani. Ila ulikuwa unapiga kwa ajili ya mvua ya kule, nikaogopa nikikwambia, hutakuwa na la kunipigia."

"Na mwavuli?"

"Hapa jua kali, baba."

Fundi akamgeukia mkewe. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia!"

"Uliniuliza? Wewe si ulikuwa unaiuliza kompyuta!"

Hasira zikampanda, kwa wale wa jukwaani, kwa mkewe, kwa nafsi yake zaidi ya wote. Akamtaka binti amtajie mji mpya herufi kwa herufi, akauandika mahali pa ule wa zamani, akabonyeza. Kisanduku kikatoweka.

"Potelea mbali!" Akauchomoa waya ukutani, akajitupa juu ya kochi lililo uchi, springi zikamchoma, simu ikiwa bado sikioni.

"Baba? Bado upo?"

"Nipo." Akajikohoza. Akakohoa tena, na mkewe akajifanya anaokota misumari.

"Haya," akasema. "Umeshindaje, mwanangu?"