Mtoto Asiyeonwa Mchana

Nilipokuwa mtoto nilidhani kwamba kivuli cha binadamu huletwa na taa ya chemli. Sikuwa nimewahi kuona kivuli kingine. Changu kilizaliwa magharibi, taa ilipowashwa, kikatambaa ukutani pamoja nami, na kilikufa taa ilipozimwa. Kwamba nje ya mlango wetu palikuwa na mwanga mwingine, ambao kila kuku na kila mbuzi wa Kondoa aliupata bila kuuomba, hilo nilikuja kulijua baadaye.

Ilikuwa miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa tena kufanya biashara. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakaanza kujaa, na baba yangu, aliyekuwa mchuuzi wa chumvi na viberiti, akafunguliwa riziki kwa ghafla. Alileta mitumba, betri na sabuni kutoka Dodoma, na kabla majirani hawajazoea kumwona na baiskeli mpya, alikwisha kuezeka bati. Maneno yakaanza kusemwa. Kabla yangu mama alikuwa amezaa watoto wawili, na wote walifariki wangali wananyonya. Bibi, mama mzazi wa baba, aliyaweka pamoja mambo hayo, bati na makaburi, akatoa hukumu yake: wajukuu wake wameuawa na jicho la watu. Mimi nilipozaliwa, aliamuru nisionwe. Nisitoke nje mchana mpaka meno ya utotoni yatakapoanza kung'oka, kwani mtoto aliyefikia hapo, alisema, ameishika dunia na si rahisi kumbandua.

Sisemi haya kwa kumdhihaki. Bibi alikuwa mwanamke msomi kuliko wanaume wengi wa mtaa wetu, na ndiye aliyenifundisha herufi. Katika chumba cha nyuma nilimofichwa, chenye dirisha moja la ukubwa wa sahani, nilihifadhi sura fupi zote za mwisho wa Msahafu kwa kuzisikia tu kinywani mwake, nikiwa nimelala juu ya mapaja yake. Nikikosea alinifinya sikio. Nikipatia alinipa tende. Elimu yoyote niliyo nayo leo, ambayo kwayo nimekula na kuheshimiwa, ilianzia gizani mle, na mwalimu wake ni yeye. Kwa hiyo ninapomhukumu, naomba nihukumu kwa adabu.

Mwili wangu, hata hivyo, haukukubali. Kichwa kililowa jasho hata katika baridi ya kipupwe. Vifundo vya mikono vilivimba. Meno yalichelewa kuota. Mama aliponinyanyua nililia, kwa sababu mifupa iliuma yenyewe, kama jino linavyouma. Umri ambao wenzangu walikuwa wakikimbizana, mimi nilikuwa najisogeza kwa makalio, na siku nilizoshikwa mikono nisimame, miguu ilipinda nje kama upinde wa mwindaji. Bibi aliisoma kila dalili kwa namna moja: kuna mtu amechungulia. Basi dirisha likazibwa kwa gunia. Jasho lilipozidi, gunia likaondolewa, likapigiliwa bati. Nikapewa hirizi ya pili, na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa ninywe, kila Ijumaa. Kadiri nilivyougua ndivyo nilivyofichwa, na kadiri nilivyofichwa ndivyo nilivyougua, na hapakuwa na mtu ndani ya nyumba ile wa kuugeuza mzunguko huo.

Kisha hukumu ikahama kutoka kwa majirani, ikamwangukia mama.

Mama hakuwa mtu wa Kondoa. Alitoka Mlali, upande wa Kongwa, akasilimu alipoolewa, na Bibi hakuwahi kusahau jambo hilo ingawa hakulitaja. Wasomaji wa kwetu wanajua maana ya kumbemenda mtoto. Kwa wasiojua, ni imani kwamba mzazi akitoka nje ya ndoa wakati mtoto angali mchanga, uchafu wa tendo lile humwingia mtoto, akadhoofu na kushindwa kutembea. Baba alisafiri mara kwa mara. Mama alibaki. Bibi hakusema waziwazi. Alianza tu kuuliza, mbele ya wageni, ni mtoto gani mwenye wazazi safi anayefikia umri ule bila kusimama. Wageni walitazama mkeka. Mama aliendelea kupepeta mchele.

Wakati huo mdogo wangu Jumaa alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Naye hakuwa ameonja mchana tangu azaliwe, lakini alikuwa mnene na mcheshi, na paji lake lilikuwa pana, limetokeza mbele. Bibi alilipapasa paji lile na kulisifu. Alisema ni paji la mwanachuoni.

Asubuhi aliyokata shauri, mama alivaa nguo za safari, akaja chumbani kutuchukua sote wawili. Alimkuta Bibi ameketi kizingitini, Jumaa yuko mapajani mwake. Nilikuwa ndani, nyuma yao, na nililisikia kila neno.

"Nawapeleka kwa mama yangu, Mlali," alisema mama. "Wako watu kule wanaojua miguu."

"Huyo mgonjwa mchukue. Huyu mzima hatoki."

"Mama, wote ni wangu."

"Wote ni wa nyumba hii. Nimewaosha marehemu wawili kwa mikono hii, Hadija. Wewe ulikuwa umelala unalia, mimi ndiye niliyewaosha." Kisha Bibi akashusha sauti, ikawa ile aliyoitumia kunifundishia. "Ukimtoa huyo mchana watu wakamwona, jicho likimkosa yeye litamrudia aliyebaki ndani. Nimesema mbele ya mwanangu. Asije mtu akasema sikusema."

Baba alikuwa amesimama uani. Alichosema ni kwamba basi la Dodoma huondoka mapema, na mke anayelipanda bila idhini ya mumewe anajua maana yake. Mama alimbusu Jumaa kwenye lile paji, akamwambia atamfuata karanga zikishavunwa. Jumaa alicheka, akavuta ushungi wake. Kisha mama alinifunga mgongoni, akanifunika khanga kichwani, tukatoka.

Nilikuwa nimekaribia umri wa kwenda shule, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona jua. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Khanga ilipoteleza njiani, kitu kilinipiga machoni, nikapiga kelele nikidhani nimechomwa, na nikajua kwa yakini kwamba hili ndilo jicho alilonionya Bibi: moja tu, kubwa, halipepesi, nalo limeniona. Nilijificha shingoni mwa mama hadi Dodoma.

Bibi wa Mlali, mama yake mama, alitupokea kwa maamkizi ya Kigogo, akanifunua khanga, akanitazama kwa muda mrefu.

"Mweupe kama mchwa," alisema. "Huyu mlikuwa mnamfuga wapi?"

Yeye hakuwa na habari za jicho wala za zafarani. Alikuwa na imani yake nyingine, ambayo naye alirithi bila kuihoji: kwamba miguu isiyo na nguvu huzipata kutoka ardhini, kama bua la mtama lipatavyo. Nyuma ya mashamba palipita korongo la mchanga, lililokauka mvua zilipokoma. Alichimba shimo, akanivua nguo, akanisimamisha ndani yake na kunifukia hadi kiunoni. Kila asubuhi nilipandwa hivyo, kiwiliwili kitupu, na yeye na mama waliketi kando yangu wakibangua karanga za mwaka uliopita, mpaka kivuli cha ukingo wa korongo kiliponifikia. Jioni nilipewa maziwa.

Watoto wa kule walijaa kunitazama. Mimi niliyefichwa macho ya mtaa mmoja, sasa nilitazamwa na kijiji kizima, na wala sikuweza kukimbia.

"Bibi, hii mbegu mliyopanda itachipua lini?" aliuliza mmoja.

"Mmwagilieni maji," akasema mwingine, "huenda ni muhogo."

Bibi wa Mlali aliwarushia maganda ya karanga, naye akicheka. Mimi nililia siku za mwanzo. Baadaye nilianza kuwajibu, na baadaye zaidi nilianza kuwasubiri. Ngozi ikanibadilika. Jasho la kichwa likakoma. Usiku mmoja mama aliniminya goti kidogokidogo, akisubiri nilie kama kawaida yangu. Sikulia. Akaminya tena, akauacha mkono wake palepale hadi nilipopata usingizi.

Talaka ilitufikia wakati wa mavuno, na mama aliipokea kama mtu anayepokea kitu alichokwisha kukilipia. Alikuwa akingoja karanga ziishe shambani ili apande basi akamchukue Jumaa, kwa wema au kwa shari. Katika kipupwe cha mwaka ule, nikiwa nimeshika ukingo wa korongo, niliachia mikono nikapiga hatua, miguu ikiwa bado imepinda lakini imenibeba. Watoto walishangilia. Bibi wa Mlali alisema ardhi imekubali.

Kabla ya mwezi mwingine kuandama, alikuja ami yangu, mdogo wake baba. Alivua kofia akiwa bado mbali, na mama alipomwona hivyo aliweka ungo chini. Ami alieleza kwamba Jumaa alishikwa na kikohozi, kifua kikawa kinabonyea kila alipovuta pumzi, na haikuchukua muda. Alikwisha kuzikwa. Bibi alimtuma aseme neno moja tu, kwamba alionya.

Mama hakupiga yowe. Alimkaribisha shemeji yake maji, akaenda korongoni, akapiga magoti kando ya shimo langu, ambalo sikulihitaji tena, akalijaza mchanga kwa mikono mpaka likawa sawa na ardhi. Toka siku ile aliamini kwamba mimi ni kitu kilichonunuliwa kwa uhai wa Jumaa. Hakuwahi kunitamkia, lakini mtoto hujua anapotazamwa na mtu anayemwona mwingine.

Miaka ikapita, nami nikaruhusiwa kwenda tena Kondoa wakati wa likizo. Nilipokuwa binti mdogo magoti yalianza kuniuma, kwa sababu matege hayakunyooka yote, na hayajanyooka hata leo. Mama alinipeleka hospitali ya misheni, kusini ya Dodoma. Nilipigwa picha ya mifupa. Daktari, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, aliishika picha dhidi ya dirisha, akamwuliza mama ni nani aliyenitibu, maana mifupa hii iliwahi kuwa laini mno kisha ikapona.

"Mchanga," mama akajibu, akaeleza habari za shimo.

"Si mchanga, mama. Ni jua lililokuwa juu ya mchanga."

Akaeleza, bila haraka na bila dharau, kwamba mwili hujitengenezea vitamini D kwa msaada wa jua linalogusa ngozi, na bila vitamini hiyo mifupa haiwezi kushika madini yake, ikabaki kama ubua mbichi. Mtoto aliyefungiwa gizani hupungukiwa nayo hata akishiba. Mama alisikiliza, kisha akasema kwamba alikuwapo mwingine, ambaye alibaki. Daktari akauliza kama mtoto yule alikuwa na paji pana lililotokeza. Mama akaitika kwa kichwa. Daktari akaiweka picha mezani. Alisema mbavu za watoto wa namna hiyo huwa laini, na homa ya mapafu ikiwashika hawana nguvu za kukohoa.

Tuliketi nje kungojea gari, mimi na chupa yangu ya vidonge. Nilidhani mama amefarijika. Kwa akili yangu ya wakati ule, daktari alikuwa amemsafisha: hakumbemenda mtu, na wala hakuninunua kwa uhai wa mwanawe. Nikaanza kumwambia hivyo. Hakunisikia.

"Kwa hiyo ningemchukua," alisema, "angepona."

Magari mawili yalipita. Baadaye mama alifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Unapokwenda Kondoa, bibi yako asilijue hili."

Nilishangaa, nikamwuliza kwa nini, ilhali Bibi ndiye aliyemtoa yeye katika nyumba yake na kumpaka tope mbele za watu.

"Amewaosha watatu," mama akasema. "Hilo linamtosha."

Nilimtii. Nilikwenda Kondoa kila likizo kusoma kwa Bibi, na kila mara, tukishafunga kitabu, alinikumbusha onyo lake na jinsi lilivyotimia, nami niliinamisha kichwa. Alifariki akiwa na yakini yake. Mimi nimezaa kwa kupasuliwa, kwa sababu nyonga zangu zilikomaa vibaya, na mtoto wangu wa kwanza hakuwahi kulia. Katika maumivu hayo nilimwelewa Bibi kuliko nilivyomwelewa katika vitabu: mtu aliyepoteza mtoto hutafuta mlango wa kuufunga, wowote ule.

Bibi na mama wote wawili wametangulia, kwa hiyo sasa naweza kuandika. Onyo la Bibi lilitimia, hilo siwezi kulikana. Lilitimia kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeketi kizingitini. Mama alilijua hilo kwa umri wake wote uliobaki, na aliulalia ukweli huo peke yake kila usiku, ili mwanamke mwingine apate usingizi.