Pombe ya Mfuko Niliyompikia Baba

Baba alikataa kunitoa kwake kwa muda mrefu sana, na kila mwaka alikuwa na sababu mpya. Kwetu Magunga mtoto mkubwa wa kiume hajihamishi kama mbuzi aliyekata kamba. Anaoa, anajenga nyumba ndani ya boma la baba yake, anazaa, na siku ikifika baba anamtoa alfajiri. Baba anatangulia mpaka kwenye kiwanja kipya, na nyuma yake vinafuata jogoo, shoka na moto. Baba asipotangulia huna boma, huna dala tunavyosema sisi. Una nyumba tu, na watu watakuita mpangaji hata katika shamba lako mwenyewe. Mimi nilikuwa na mvi ndevuni, nilikuwa nimeshaoza binti, na bado nilikuwa naishi nyuma ya jiko la mzee nikimsikia akikohoa.

Kwanza ilikuwa mvua. Kisha ng'ombe walikuwa wagonjwa. Kisha akasema miguu inamuuma na kiwanja changu kiko mlimani, kana kwamba mimi ndiye niliyeuweka mlima pale. Wadogo zangu, ambao hawawezi kutoka kabla yangu, walianza kunitazama kama mtu aliyelala mlangoni akawazuia wenzake kupita. Mwishowe mzee akatoa sharti.

"Nitakutoa siku utakaponipa kong'o iliyopikwa nyumbani kwako," alisema. "Pombe ya nafaka. Sitaki ya chupa, na hiyo chang'aa yenu ya kuua watu muinywe wenyewe."

Msidhani hii ni mila. Watu wa mjini hupenda sana kuamini kwamba kila ukaidi wa mzee ni mila. Huu ulikuwa ukaidi wake binafsi, aliutunga akiwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, na nina hakika aliutunga akijua kwamba katika nyumba yangu hakuna wa kupika. Mke wangu ameokoka. Mama yake ameokoka, dada zake wameokoka, na kuku wake ningeweza kuapa wameokoka.

"Mimi pombe sipiki, baba watoto," aliniambia. "Hata Yesu mwenyewe akija kuniomba."

"Yesu aligeuza maji yakawa divai."

"Basi mwambie yeye akupikie."

Ningeweza kungoja. Shida ni kwamba mzee alikuwa anakonda. Suruali aliyoivaa Krismasi alikuwa sasa anaifunga kwa kamba, na akisimama alikuwa anashika ukuta. Angekufa kabla ya kunitoa, kazi hiyo ingeangukia kwa mdogo wake, baba yangu mdogo, na huyo ni mtu nisiyeweza kumwamini kuniongoza hata mpaka chooni. Maisha yake yote ameyapitisha mpakani akiuza leo mahindi, kesho betri, keshokutwa maneno matupu. Anakunywa chochote kinachomiminika. Kumfuata mtu huyo alfajiri, nikiwa na mke na watoto nyuma yangu, ili yeye ndiye awe amenipa dala!

Kwa hiyo niliamua kupika mwenyewe. Kwetu mwanamume hapiki pombe. Kazi yake ni kuinywa, na akimaliza, kueleza kasoro zake. Ningechekwa toka Magunga mpaka ziwani kama asingetokea shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anayeuza simu Migori mjini. Yeye alikuwa amepika bia mara moja katika chumba chake cha kupanga, na tangu siku hiyo anaongea kama mhandisi.

"Shem, hii kitu ni simple," alinipigia akasema. "Sufuria moja, mfuko mmoja. Unaweka malt ndani ya mfuko, unaloweka kwa maji moto kama majani chai. Baadaye unatoa mfuko, unachemsha hayo maji. Imeisha hiyo."

Nikagundua kitu siku ile. Mwanamke akiotesha mtama, akausaga, akaukoroga na kuuchuja, hiyo ni kazi ya jikoni. Mwanamume akifanya yaleyale akiwa na kipimajoto, ni sayansi. Sikulalamika, maana unafiki huo ulinifaa.

Alinitumia video. Sijawahi kuona wanaume wazima wakijipenda namna ile. Mmoja ana ndevu zinazofika kifuani, amesimama katika jiko ambalo halijawahi kuona moshi, na nusu ya video anaeleza jinsi ya kuosha kijiko. Anakiosha, anakiosha tena, anakinyunyizia dawa, kisha anakitazama kwa upendo. Wengine walikuwa wanabishana kama mfuko ukamuliwe au uachwe udondoke wenyewe, na walibishana kwa hasira kama watu waliogombania mpaka wa shamba. Nilitazama zote. Nilizitazama hadharani pale Karungu, ninakonunulia omena kutoka kwa wavuvi na kuwauzia wachuuzi, na wanawake wanaoanika dagaa hao walinicheka mpaka wakaketi chini.

Shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, yaani kimea, ile malt yake, pamoja na maua machungu ya hopsi na hamira, shemeji aliviagiza Nairobi. Alitaka tuagize na mfuko hukohuko. Eti kuna mfuko maalumu wa kitambaa cha wavu, hauchaniki, matundu yake yamepimwa.

"Ninunue wavu Nairobi?" nilimuuliza. "Mimi?"

Nawauliza na nyinyi. Mtu anayeishi kwa nyavu, anayezikanyaga asubuhi na jioni, alipe basi limletee wavu kutoka mji usio na ziwa? Niliona ni ujinga wa kiwango cha juu. Nilichukua kipande cha wavu wa omena, ule wenye matundu madogo kabisa, tunaoutandaza ufukweni kuanikia. Ulikuwa imara na ulikuwa laini. Niliufua kwa sabuni ya unga, nikausuuza, nikauanika juani, nikaufua tena. Nikaunusa. Haukunuka kitu. Mke wangu akaunusa, naye akasema haunuki kitu. Nikampelekea fundi wa nguo Magunga aushone mfuko mkubwa wenye kamba ya kukaza mdomoni. Fundi aliuliza kama ni wa kubebea samaki. Nilimwona mpumbavu, nikamwambia ashone bila maswali.

Shemeji alikuja siku ya kupika akiwa amevaa aproni. Alikula kuku wangu, ndipo akatoa kipimajoto mfukoni kwa heshima ya padri anayetoa kikombe. Tulipasha maji katika sufuria kubwa ya matanga, ile ya kupikia ugali wa watu wengi, tukatandika mfuko ndani, mdomo wake ukakunjwa ukingoni mwa sufuria, tukamwaga kimea kilichosagwa tukikoroga kisifanye madonge.

"Sixty-seven!" shemeji alipiga kelele akitazama kipimajoto. "Ikae hapo hapo, isipande isishuke!"

Moto wa kuni hausikii Kizungu. Ulipanda, tukavuta kuni nje. Ulishuka, tukazirudisha. Mwishowe nilichukua blanketi kitandani nikaifunga sufuria yote kama mgonjwa wa malaria, tukaiacha saa nzima. Mke wangu aliketi mlangoni akipepeta mchele na kuimba pambio, na kila tulipofungua kifuniko sauti ilipanda.

Nakiri harufu ya kimea ilikuwa nzuri, kama uji wa wimbi uliotiwa asali. Saa ilipokwisha tuliuinua mfuko, mzito, unatiririka, tukaufunga kwenye boriti ya jiko. Shemeji akaanza kuniletea yale mabishano ya kukamua na kutokamua. Nikamsogeza pembeni nikaukamua kwa mikono miwili, ninavyokamua shuka lililofuliwa, maana nafaka ile ilitoka mbali na sikuwa na nia ya kuwaachia kuku utamu wote. Yale maji matamu tukayachemsha na hopsi, tukayapoza kwa kuitumbukiza sufuria ndani ya karai la maji ya kisima, tukayamimina katika ndoo safi, tukatia hamira. Kifuniko kilikuwa na mpira mwembamba ulioingia kwenye chupa ya maji. Kesho yake chupa ilianza kutoa mapovu, na nitasema bila aibu kwamba nilileta kiti nikakaa nikitazama.

Ilipotulia tuliijaza katika chupa za soda na sukari kidogo, ili ipate gesi. Shemeji alionja kwa kijiko. Alifumba macho.

"Iko na character, shem," alisema. "Kuna kitu iko hapo nyuma. Siwezi kuitaja, lakini iko."

Nami nilionja. Niliona ni bia. Nikamtumia mzee salamu kwamba sharti lake liko tayari.

Alikuja Jumamosi mchana, hatua kwa hatua kutoka nyumbani kwake mpaka kwangu, umbali ambao mtoto anautupia jiwe, na akapumzika njiani. Baba mdogo alikuwa naye. Sikumwalika. Harufu ya kizibo humfikia huyo hata akiwa ng'ambo ya mpaka. Waliketi kivulini mwa nyumba, nikafungua chupa, ikalia vizuri, povu likapanda kikombeni jeupe, kisha likazama lote mara moja. Shemeji alikunja uso. Mimi sikujua kama povu lina maana yoyote.

Baba mdogo alinyakua kikombe cha kwanza, kwa kawaida yake, akavuta funda kubwa. Akalitema lote kwenye maua ya mke wangu.

"Omera, we bwana, hii ni nini?" alisema. "Umepika omena?"

Nilitaka kumpiga. Kisha nikaona uso wa baba, aliyekuwa ameinusa yake tu, nikaelewa. Mfuko. Omena hutoa mafuta, na mafuta yale yalikuwa yamelala ndani ya nyuzi zote, yakikaa kimya chini ya sabuni na jua, mpaka tulipoyapika ndani ya maji moto saa nzima na mimi nikayakamua kwa mikono yangu miwili. Ndiyo yaliyoua povu. Na nani katika nyumba yangu angeyasikia? Mimi nanuka omena. Mke wangu anaoga maji yanayonuka omena, analala na mtu anayenuka omena, pesa anazopeleka kanisani zinanuka omena. Pua zetu ziliacha kuripoti habari hiyo zamani. Wazee hawa ni watu wa ng'ombe. Ziwa kwao ni kitu cha kutazama kwa mbali.

Shemeji alijaribu kunitetea. "Mzee, hiyo ni flavour," alisema. "Huko nje watu wanaweka hadi chaza kwa beer."

Baba mdogo alikuwa anacheka akijipiga magoti, na tayari nilimwona atakavyoisimulia kila kilabu mpaka Tanzania. Hilo lingepita. Kilichoniuma ni kwamba mzee sasa alikuwa amepata sababu mpya, tena safari hii nilimpa mimi, nikaitia ndani ya kikombe.

Baba hakucheka. Aliinua kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Alimeza. Akanywa tena. Alikunywa mpaka mwisho, polepole, macho yake yakiwa kwenye mlima ule wenye kiwanja changu, kisha akaweka kikombe chini akajifuta mdomo.

"Mbaya," alisema.

"Baba—"

"Mbaya kabisa. Nyanya yako angeimwagia mbwa, mbwa angehama."

Nikaanza kumweleza. Nilimwambia kosa ni wavu peke yake, nafaka haikuwa na neno. Ningeagiza mfuko halisi Nairobi, nipike upya, nami nilishajua hatua zote, na kabla ya mwezi ujao kwisha angekunywa kong'o ambayo hajawahi kuionja. Niliongea haraka haraka kama muuza dawa sokoni, na nilijichukia nikijisikia.

"Mwezi ujao," alisema mzee, kama mtu anayetajiwa nchi asiyoijua.

Baba mdogo naye alikuwa amemaliza kucheka, na sasa alikuwa ameivuta chupa karibu yake anajimiminia kikombe cha pili.

"Tafuta jogoo, wuoda, mwanangu," baba aliniambia. "Tunatoka kesho alfajiri."

Sikumwelewa. Nilimuuliza, na pombe je?

"Nikingoja wewe ujue kupika," alisema, akimwonyesha ndugu yake kwa kidevu, "utatolewa na huyu."

Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumsikia mzee yule akisema kwamba atakufa. Niliokota kikombe chake kitupu. Kisha nikaingia ndani nikamwambia mke wangu aanze kufunga vyombo.